Siku 21: Takeshi Okada na kikosi alichokifumua mwenyewe

Mei 24, 2010, uwanja wa Saitama. Ilikuwa mechi ya kuagwa. Japani walikuwa wakicheza na Korea Kusini kabla ya kupanda ndege kwenda kambini Uswisi, na kutoka huko Afrika Kusini kwenye Kombe la Dunia. Dakika ya 6 Park Ji-sung aliuburuza mpira akawapita viungo wa Japani na kuachia shuti kutoka nje ya boksi, likamshinda kipa. Hakukimbia kushangilia. Alitembea taratibu mbele ya jukwaa la wenyeji huku akiwatazama. Mwishoni Park Chu-young akafunga penati. Mbili bila, nyumbani, siku ya kuagwa.

Baada ya kipenga kocha wa Japani, Takeshi Okada, aliwaambia waandishi kwamba amemuuliza rais wa shirikisho kama aendelee na kazi au aiache. Baadaye akasema ulikuwa utani. Sidhani kuna shabiki aliyecheka. Huyu ndiye kocha aliyekuwa ametangaza kwamba lengo lake Afrika Kusini ni kufika nusu fainali, wakati Japani haijawahi kushinda hata mechi moja ya Kombe la Dunia nje ya ardhi yake.

Siku 21 baadaye, Juni 14, Japani hiyohiyo iliifunga Cameroon 1-0 mjini Bloemfontein. Kipa mwingine, nahodha mwingine, mshambuliaji mwingine, namba 10 akiwa benchi, na mfumo ambao timu ilikuwa haijautumia kwenye mechi yoyote rasmi. Walimaliza mashindano kwenye 16 bora, wakatolewa kwa matuta.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya ushujaa: kocha jasiri kamuweka benchi staa, nchi ikafurahi. Mimi nakisoma tofauti kidogo. Kumpiga benchi staa Okada alikuwa ameshafanya miaka 12 kabla, tena kwa namna kali zaidi, na hakikumsaidia kitu. Kilichobadilika 2010 ni kwamba safari hii alitema kitu kigumu zaidi kukitema kuliko mchezaji. Alitema wazo lake mwenyewe.

Beki aliyekabidhiwa timu ndani ya hoteli

Okada alizaliwa Osaka, Agosti 25, 1956, akasoma Chuo Kikuu cha Waseda, na mwaka 1980 akaajiriwa na Furukawa Electric, kampuni ya nyaya za umeme iliyokuwa na timu katika ligi ya zamani ya Japani. Nimesema kuajiriwa kwa makusudi. Soka la kulipwa halikuwepo. Mchezaji alikuwa mfanyakazi wa kampuni anayefunga kamba za viatu baada ya kazi. Wanaozikumbuka timu zetu za mashirika, za bandari, reli na posta, wataielewa picha hiyo bila maelezo zaidi.

Alicheza beki. Aliitumikia timu ya taifa mara 24 na kuifungia bao 1. Na Furukawa alichukua ligi ya msimu wa 1985/86, kisha ubingwa wa klabu za Asia wa mwaka 1986. Alistaafu 1990, miaka mitatu kabla J.League, ligi ya kulipwa ya Japani, haijaanza kulipa watu mishahara ya maana, akaingia kwenye ukocha na kwenda Ujerumani kujifunza. Kufikia 1997 alikuwa msaidizi wa kocha Shu Kamo kwenye timu ya taifa.

Oktoba 4, 1997, Japani walitoka sare ya 1-1 na Kazakhstan mjini Almaty wakati wa kusaka tiketi ya Ufaransa 1998. Kibarua cha Kamo kikaota nyasi wakiwa bado ugenini, na timu akakabidhiwa Okada. Alikuwa na miaka 41 na hajawahi kuwa kocha mkuu wa timu yoyote, hata ya daraja la chini. Sare na Uzbekistan, sare na Falme za Kiarabu mjini Tokyo huku mashabiki wakifanya fujo nje ya uwanja, kisha ushindi wa 2-0 Korea Kusini na 5-1 dhidi ya Kazakhstan. Ikabaki mechi moja ya mchujo na Iran, Novemba 16, mjini Johor Bahru, Malaysia.

Dakika ya 59 Ali Daei aliipa Iran bao la pili. Dakika chache baadaye Okada aliwatoa washambuliaji wake wote wawili kwa mpigo, Masashi Nakayama na Kazuyoshi Miura. Miura alikuwa zaidi ya mchezaji: ndiye sura ya J.League, mfungaji mwenye mabao zaidi ya 50 ya timu ya taifa, kijana aliyekwenda Brazil peke yake kujifunza mpira. Picha za televisheni zinamwonyesha akijinyooshea kidole kifuani, akiuliza benchi: mimi? Wakaingia Shoji Jo na Wagner Lopes. Jo akasawazisha dakika ya 76, na dakika ya 118 Masayuki Okano akafunga bao la dhahabu, lile linalomaliza mechi ya muda wa nyongeza papo hapo. Japani kwa mara ya kwanza wakaenda Kombe la Dunia.

Nadhani hapo ndipo Okada alipojifunza somo nusu. Alimtoa mkubwa, akashinda.

Juni 2, 1998, mjini Nyon, Uswisi, alikuwa na wachezaji 25 na ilibidi abaki na 22. Mbele ya kamera akawataja watatu wanaoachwa, na maneno yake kuhusu mmoja wao bado Wajapani wanayakumbuka neno kwa neno: "Anayeachwa ni Kazu, Miura Kazu." Wengine walikuwa kiungo Tsuyoshi Kitazawa na kijana wa miaka 18, Daisuke Ichikawa, aliyebaki na timu mazoezini. Miura alirudi nyumbani akiwa amepaka nywele rangi ya dhahabu, akasema fahari na roho yake ya timu ya taifa ameiacha kule.

Kilichofuata Ufaransa: Argentina 1-0, Croatia 1-0, Jamaica 2-1. Mechi tatu, pointi sifuri, bao moja la Nakayama. Jo, ambaye Okada alikuwa amemtaja kama mshambuliaji wake tegemeo, alitua uwanja wa ndege wa Narita na kumwagiwa maji na shabiki.

Hapa ndipo wengi hubishana kama Miura alistahili kwenda. Kwa miaka yake 31 na kiwango chake cha mwaka ule, nadhani Okada hakukosea kumwacha. Lakini angalia timu iliyobaki: mabeki wengi nyuma, Masami Ihara akipanga ukuta, washambuliaji wawili wakisubiri mipira ya mbali, ileile ambayo ingekuwepo hata na Miura ndani. Alikata jina, akauacha mpango ulivyokuwa. Mzigo aliokuwa akiubeba Miura ukahamia mabegani mwa Jo, basi.

Nzuri kwa dakika 68

Kati ya hapo na 2007 Okada alijijenga. Aliipandisha Consadole Sapporo kwa ubingwa wa J2, daraja la pili, mwaka 2000, kisha akaipa Yokohama F. Marinos ubingwa wa ligi mara mbili mfululizo, 2003 na 2004. Kwa hiyo Novemba 2007, kocha wa taifa Ivica Osim alipopata kiharusi, jina la Okada halikuwa la msaidizi aliyeokotwa hotelini. Alirudi kama bingwa.

Bado tena alirithi timu katikati ya safari, na tena kwa msiba wa mwingine. Mwanzoni aliendeleza soka la Osim. Machi 26, 2008, akafungwa 1-0 Bahrain, na kuanzia hapo akasema atafanya kwa njia yake.

Njia yake ilikuwa na asili isiyotarajiwa: raga. Waseda, chuo alichosoma, kina jina kubwa kwenye raga, na kocha wake mashuhuri wa zamani Tetsunosuke Onishi alikuwa na nadharia ya maneno matatu: kukaribia, kutanuka, kuendeleza. Hoja yake ni kwamba mtu mwenye umbo dogo asimsubiri mkubwa akiwa mbali, bali amsogelee mpaka ukubwa usimfae kitu, kisha autoe mpira haraka kwenda penye nafasi, kisha arudie bila kupumzika. Okada akaichukua ikawa ya soka. Japani wakabie juu, wachezaji watatu wamzonge mwenye mpira, pasi fupifupi, na kila kitu kipitie kwa Shunsuke Nakamura, aliyekuwa ameing'arisha Celtic kwa mguu wake wa kushoto.

Lilikuwa wazo zuri, na nalisema hilo bila kejeli. Shida yake ilionekana wazi Septemba 5, 2009, kwenye mechi ya kirafiki na Uholanzi mjini Enschede. Kwa dakika 68 Japani waliwazonga Waholanzi, mechi ikiwa 0-0. Kisha miguu ikaisha. Robin van Persie dakika ya 69, Wesley Sneijder ya 73, Klaas-Jan Huntelaar ya 87. Tatu bila. Siku hiyohiyo kijana mmoja anayeitwa Keisuke Honda alimfuata Nakamura kwenye mpira wa adhabu akataka apige yeye, mbele ya watu wote. Magazeti yaliandika sana kuhusu utovu wa adabu. Mtu wa mpira angeandika kuhusu dakika ya 69.

Maana hilo ndilo lilikuwa swali la kiufundi ambalo Okada aliliahirisha kwa miezi tisa: timu inayokabia juu kwa dakika 90 inahitaji mapafu ambayo hakuna binadamu anayo, na mechi zake zingechezwa Afrika Kusini, mbili kati ya hizo za makundi kwenye miji iliyo juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Februari 2010 Japani wakawa wa tatu kwenye mashindano ya Asia Mashariki, tena Tokyo, wakifungwa 3-1 na Korea Kusini. Aprili 7 wakafungwa 3-0 Osaka na Serbia iliyokuja bila mastaa wake wa Ulaya. Kisha Saitama.

Na Nakamura? Alikuwa ametoka Espanyol bila mafanikio na kurudi Yokohama mwanzoni mwa mwaka, kifundo cha mguu kikimsumbua. Wakati huohuo Honda alikuwa CSKA Moscow, na Machi alipiga mpira wa adhabu uliomshinda kipa wa Sevilla na kuipeleka CSKA robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mmoja anashuka, mwingine anapanda, na mfumo mzima umejengwa kumzunguka anayeshuka.

Hatua kwa hatua, si kwa pigo moja

Watu husema "Okada alibadilisha kila kitu usiku mmoja". Si kweli, na tofauti hiyo ina maana kubwa kwa yeyote anayetaka kujifunza kitu hapa.

Timu ilikwenda kambini Saas-Fee, kijiji cha milimani Uswisi, juu ya mita 1,800. Pale wachezaji walifanya kikao chao wenyewe. Aliyekiongoza ni Yoshikatsu Kawaguchi, kipa mkongwe aliyechukuliwa kama kipa wa tatu akiwa ametoka kwenye majeraha marefu, kila mtu akijua hatacheza hata dakika moja. Ni moja ya maamuzi ya Okada yasiyosifiwa vya kutosha. Katika kikao hicho beki Marcus Tulio Tanaka, mzaliwa wa Brazil mwenye asili ya Kijapani, aliwaambia wenzake jambo ambalo kocha asingeweza kulisema bila kuivunja timu: sisi hatuna ufundi wa kuwazidi hawa, tukitaka kushinda tuchafuke kwa matope.

Mei 30, Graz, Austria, mechi na England. Hapo Okada alifanya mabadiliko ya kwanza. Golini akamweka Eiji Kawashima badala ya mzoefu Seigo Narazaki. Utepe wa nahodha ukatoka kwa beki Yuji Nakazawa, miaka 32, ukaenda kwa Makoto Hasebe, miaka 26, na Nakazawa akabaki kwenye kikosi. Mbele ya mabeki wanne akasimama Yuki Abe, kiungo mkabaji ambaye kazi yake ilikuwa moja tu: kuziba pengo ambalo kila timu iliyoifunga Japani ilikuwa ikilitumia. Mstari wa mabeki ukarudi nyuma. Nakamura hakucheza.

Tulio alifunga dakika ya 7. Kawashima akapangua penati ya Frank Lampard. Kisha Tulio akajifunga, na Nakazawa naye akajifunga. England 2, Japani 1, na mabao yote matatu yamefungwa na Wajapani. Vichekesho kwa mtazamaji, lakini benchi la ufundi lilikuwa limeona kitu: England ya Rooney na Lampard haikuwa imefunga hata bao moja lake lenyewe.

Juni 4, Sion, Uswisi, wakafungwa 2-0 na Ivory Coast. Siku hii inakumbukwa kwa sababu moja chungu kwetu Waafrika: Tulio alimgonga Didier Drogba, mkono ukavunjika, na bara zima likashika kichwa. Kwa Okada ilileta habari mbili. Yasuyuki Konno, aliyekuwa amepangwa beki wa kulia, aliumia, nafasi ikaenda kwa Yuichi Komano. Na mbele, Shinji Okazaki, mfungaji wake mkuu wa mwaka 2009, hakuweza kuushika mpira hata mara moja ili wenzake wapumue. Ukirudisha timu nyuma halafu aliye mbele hakamati mpira, mpira unarudi kama ukuta wa mazoezi.

Kwa hiyo kipande cha mwisho kilitokana na hesabu hiyo: nani kwenye kikosi hiki anaweza kuupokea mpira akiwa ameupa mgongo ukuta wa mabeki na asiupoteze? Jibu lilikuwa Honda, kiungo. Juni 10, kambini George kwenye pwani ya Afrika Kusini, Japani walicheza mechi ya mazoezi ya vipindi vitatu vya dakika 30 na Zimbabwe, ambao siku nane kabla walikuwa wamefungwa 3-0 na Brazil jijini Harare. (Brazil haohao Juni 7 walipita Dar es Salaam wakatufunga 5-1, na bado tulirudi nyumbani tukiimba, kwa sababu Jabir Aziz alifunga.) Honda alisimama mbele peke yake. Mechi iliisha 0-0 na haikumshawishi mtu.

Siku nne zilizobaki. Mbele Honda, pembeni Yoshito Okubo na Daisuke Matsui, katikati Hasebe na Yasuhito Endo, nyuma yao Abe. Uchida, beki wa kulia aliyeanza karibu mechi zote za kufuzu, benchi. Okazaki benchi. Narazaki benchi. Nakamura, namba 10, benchi.

Kuna wanaosema mfa maji haachi kutapatapa, na Okada alitapatapa tu mkono ukakuta ubao. Siungi mkono. Anayetapatapa hubadilisha vitu vinavyogombana. Hapa kila badiliko lilimjibu mwenzake: Abe aliruhusu mabeki warudi, mabeki kurudi kulihitaji mtu wa kushika mpira mbele, na mtu huyo alipopatikana hapakubaki nafasi ya kiungo mchezeshaji anayetaka mpira miguuni katikati. Nakamura alikuwa wa mwisho kuondoka kwenye hesabu, baada ya mambo mengine yote kupangwa. Mwaka 1998 Okada alianza na jina. Safari hii jina lilidondoka lenyewe.

Bloemfontein, Durban, Rustenburg

Juni 14, saa 11 jioni kwa saa zetu, kwenye kibanda umiza nilichokuwa nimelipia kiti hakuna aliyekuwa Mjapani. Tulikwenda kumtazama Samuel Eto'o. Tulimtazama Yuto Nagatomo. Kocha wa Cameroon, Paul Le Guen, alimpanga Eto'o winga ya kulia, na huko akakutana na beki wa kushoto mwenye sentimita 170 aliyemfuata kila alipokwenda, dakika baada ya dakika, mpaka mzee mmoja pembeni yangu akauliza kama huyu mtoto ametumwa na wadai. Dakika ya 39 Matsui alimzuga beki upande wa kulia, akapiga krosi iliyowapita wote katikati, na Honda nyuma yao akatuliza na kufunga. Stephane Mbia aligonga mwamba mwishoni. 1-0.

Juni 19 Durban, Uholanzi waleee wa Enschede. Safari hii Japani hawakumzonga mtu. Walikaa nyuma, wakaziba, na kilichowafunga ni shuti moja la Sneijder dakika ya 53, lililomponyoka Kawashima. Dakika ya 64 Nakamura akaingia kumpokea Matsui. Ilikuwa mechi yake ya mwisho ya taifa, na hiyo ni huzuni ya kweli: mwaka 2002 Philippe Troussier alimwacha nje ya kikosi cha Kombe la Dunia la nyumbani, 2010 alikwenda akiwa namba 10 na akacheza chini ya nusu saa.

Juni 24 Rustenburg ndiyo mechi ninayoirudia kuitazama. Sare tu ingewatosha Japani kufuzu. Okada, kwa sababu anazozijua, alianza kwa kuugusa mfumo: viungo wawili nyuma badala ya mmoja, Endo chini zaidi. Denmark wakaingia kama maji kwenye mtumbwi uliotoboka, Jon Dahl Tomasson akipata nafasi mbili tatu za haraka. Haikupita robo saa, wachezaji wakalalamika na benchi likakubali: rudini kule kwa Abe. Fikiria hilo. Mwezi mmoja nyuma huyu alikuwa kocha anayelinda wazo lake la miaka miwili. Sasa anaurudisha mpango katikati ya mechi kwa sababu Endo anamwambia haufanyi kazi. Dakika ya 17 Honda akapiga mpira wa adhabu wa mbali ukayumba hewani, ule mpira wa Jabulani uliowatesa makipa wote, ukaingia. Dakika ya 30 Endo naye akapiga wake, ukauzunguka ukuta. Tomasson alirudisha moja dakika ya 81 baada ya Kawashima kupangua penati yake, na dakika ya 87 Honda akamzunguka beki na kumpasia Okazaki goli tupu. 3-1.

Ankara ya Pretoria

Wasimulizi wengi wangeishia Rustenburg. Uchambuzi hauwezi.

Juni 29, Loftus Versfeld, Pretoria, Paraguay. Kikosi kilichoanza kilikuwa kilekile kwa mara ya nne mfululizo, watu 11 walewale. Kwa mfumo wenye umri wa wiki mbili ilieleweka: hakukuwa na watu wengine walioujua. Nafasi nzuri ya Japani ilikuwa shuti la Matsui la mbali lililogonga mwamba kipindi cha kwanza. Baada ya hapo Paraguay wakafanya kile ambacho Cameroon na Denmark hawakufanya, wakaacha kukimbilia mbele.

Na Japani, kila walipoupata mpira, hawakujua waufanyie nini. Honda alipigana peke yake na mabeki wawili kwa dakika 120. Kengo Nakamura aliingia dakika ya 81 na kwa muda mfupi timu ilipumua, maana huyu alikuwa kiungo anayeweza kupenyeza pasi, lakini ilikuwa mara yake ya kwanza kucheza kwenye mashindano hayo. Ule ufundi wa pasi fupi uliofanyiwa kazi tangu 2008 ulikuwa umefungiwa sandukuni Uswisi, na huwezi kuurudisha kwa kumwita mtu mmoja kutoka benchi. 0-0. Kwenye matuta Endo na Hasebe walifunga, Komano akagonga mwamba, Honda akafunga, na Oscar Cardozo akamaliza ya tano ya Paraguay. 5-3.

Komano alikuwa yule aliyeingia kwenye kikosi kwa sababu Konno aliumia Sion.

Hapo ndipo ninapomdai Okada. Dalili ya Enschede ilikuwa mezani Septemba 2009. Angeanza kujenga njia ya pili Oktoba, angefika Pretoria na mifumo miwili, na Shunsuke Nakamura angejua miezi mingi mapema kwamba kazi yake imebadilika, badala ya kuambiwa kambini. Ujasiri uliosifiwa ulikuwa wa kweli, lakini ulichelewa, na gharama ya kuchelewa ni kwamba timu ilikuwa na jibu moja tu. Mtetezi wake atasema hakuna kocha anayekubali kutupa wazo lake kabla halijamwaibisha hadharani. Inawezekana. Ilibidi Park Ji-sung atembee mbele ya jukwaa la Saitama kwanza.

Okada aliondoka baada ya mashindano. Alifundisha Hangzhou Greentown ya China 2012 na 2013, kisha hakurudi tena kwenye benchi. Novemba 2014 alifanya jambo ambalo wengi walilishangaa: alinunua asilimia 51 ya FC Imabari, klabu ya mji mdogo wa bandari katika mkoa wa Ehime, iliyokuwa ikicheza ligi ya kanda ya Shikoku, daraja la tano. Aliwahi kueleza kwamba kilichomsukuma ni mazungumzo na kocha mmoja wa Kihispania aliyemuuliza kama Japani ina misingi ya uchezaji wanayofundishwa watoto. Akataka kuifundisha mapema, mpaka miaka 16, kisha wachezaji waachwe wachague wenyewe uwanjani kutokana na wanachokijua.

Imabari walipanda mpaka JFL, daraja la nne, mwaka 2017, J3, la tatu, mwaka 2020, wakajenga uwanja wao mwaka 2023, na 2025 wakaanza kucheza J2. Aprili 2024 klabu ikafungua sekondari yake, na mkuu wake ni yule beki wa Furukawa.